Kemikali za nyumbani: mwongozo kwa nyumba inayonunua kwa kupima

Ushauri mwingi kuhusu kemikali za nyumbani huanza na "soma lebo". Ni ushauri mzuri kwa aliyenunua chupa nzima supamaketi, ila wengi wetu hatununui hivyo. Mafuta ya taa tunapimiwa kwenye chupa ya soda tuliyokwenda nayo. Jiki na sabuni ya maji zinajazwa kutoka kwenye dumu. Sumu ya panya inatoka kwa mchuuzi ikiwa imefungwa kwenye kikaratasi. Lebo imebaki dukani, au haikuwahi kuwepo, na kinachofika nyumbani ni maji yasiyo na jina ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ya soda.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa nyumba ambayo nusu ya vitu vyake havina maandishi. Nimeanza na dharura, maana anayeihitaji sehemu hiyo hana muda wa kusoma hadi chini.

Kama tayari kuna aliyekunywa kitu

Usimtapishe. Si kwa kidole, si kwa maji ya chumvi, si kwa maji ya sabuni. Kostiki soda na tindikali huunguza umio zikishuka. Ukimtapisha zitaunguza tena zikipanda. Mafuta ya taa yana balaa lake. Tumboni madhara yake si makubwa sana, lakini ni mepesi na yanasambaa upesi, na kiasi kidogo tu kikipotea njia wakati wa kutapika kikaingia mapafuni huleta nimonia ya kemikali. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kisha akakohoa papo hapo huenda yameshamwingia mapafuni. Mpeleke hospitali hata kama amenyamaza na anacheza, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa, na kwa kawaida hukaa chini ya uangalizi kwa saa 6 hivi kabla ya kuruhusiwa.

Maziwa, mawese, mayai mabichi na mkaa uliosagwa vyote vina wafuasi wao, na hakuna kati yake ninachokipendekeza. Kila unachomnywesha kinamsogeza karibu na kutapika. Mkaa wanaotumia hospitali umetengenezwa maalumu, si ule wa jikoni, na hata huo haufai kwa mafuta ya taa, tindikali wala kostiki.

Unachoweza kufanya ni hiki: msafishe mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi. Kama amelegea au amepoteza fahamu, mlaze kiubavu ili matapishi yasimrudie kooni. Kama kemikali imeingia jichoni, mwelekeze kichwa ili jicho lililoumia liwe upande wa chini, kisha mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni kostiki au chokaa, fika dakika 30, na beba maji ya kuendelea nayo njiani.

Nenda na ushahidi: chupa, kikaratasi, punje zilizobaki. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sumu ya jamii ya oganofosfeti, inayotumika kwenye dawa nyingi za wadudu, daktari huitibu kwa atropini. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K. Dawa moja haishiki nafasi ya nyingine, na bila chupa daktari anabaki kusoma dalili peke yake: mboni za macho zilizosinyaa, mate yanayotiririka, jasho na kuharisha vinaelekeza kwenye ya kwanza. Ya pili ni ya hila zaidi. Mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, damu ianze kutoka puani au kwenye fizi siku kadhaa baadaye.

Tanzania piga 112. Kenya 999 au 112. Ila kama bajaji au gari la jirani lipo mlangoni, ondoka nalo.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Chagua asubuhi yenye mwanga na watoto wakiwa shule. Pita uvunguni mwa kitanda, chini ya sinki, nyuma ya mlango wa choo, juu ya kabati, stoo na kwenye kona ya pikipiki. Weka kila kitu barazani. Utashangaa vinapofika: mabaki ya rangi, tina, gundi, spiriti, maji ya betri, dawa ya ng'ombe, dawa ya mende, tufe nyeupe za kabatini, kimfuko ambacho hakuna anayekumbuka kilitoka wapi.

Gawa mafungu matatu. La kwanza, unachokijua na chombo chake ni cha asili. La pili, unachokijua lakini kimehamishwa. La tatu, usichokijua. Usijaribu kulitambua fungu la tatu kwa kuingiza pua chupani, na kuonja kabisa usithubutu. Funga vizuri, andika SUMU, weka kando hadi hatua ya mwisho.

Kwenye fungu la kwanza tazama alama. Msalaba uliokaa ndani ya mraba wa rangi ya chungwa ni mfumo wa zamani. Siku hizi ni mraba uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu na mchoro mweusi katikati. Fuvu ni sumu kali. Mwali ni kinachoshika moto. Kimiminika kinachodondokea mkono na kuula ni kinachounguza. Kwenye viuatilifu kuna pia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo hatari zaidi, ikifuatwa na njano, bluu, kisha kijani. Kiuatilifu chenye mstari mwekundu hakina kazi ndani ya nyumba ya kulala watu. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 2: Ondoa kemikali kwenye chupa za kinywaji

Kama utafanya hatua moja tu kati ya hizi, fanya hii. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, ila anaijua chupa. Ameona baba akinywa kutoka kwenye ile ya nusu lita, ameona dada akigombania ile ya soda. Mafuta ya taa ni meupe kama maji, na jiki iliyopungua nguvu inaonekana vilevile. Tena si watoto tu: mtu mzima aliyerudi usiku na kiu, umeme umekatika, hunyosha mkono akashika chupa iliyo karibu.

Kwa mafuta ya taa tenga kidumu kimoja chenye mfuniko wa kusokota, chenye umbo ambalo nyumbani kwako halijawahi kubeba kinywaji, na ndicho kiende dukani kila mara. Kizungushie utepe mwekundu au upake rangi ya kucha mfunikoni. Jiki iwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga, kwa sababu jua na joto huiua nguvu. Ndiyo maana chupa zake za kiwandani huwa si angavu. Andika jina na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha ubandike utepe wa selo juu ya maandishi.

Muuzaji akikuambia hana kipimo kidogo ila kwenye kichupa cha maji alichookota, acha.

Jambo jingine kuhusu mafuta ya taa: kuna wakati huchanganywa na petroli, kwa uzembe au kwa tamaa. Mafuta safi ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka joto lifike nyuzi 38 au zaidi; petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Ndiyo sababu taa au jiko lililotiwa mchanganyiko huo hulipuka. Yakinuka petroli, usiyawashe. Na usijaze jiko lingali linawaka au lingali moto.

Hatua ya 3: Jua visivyotakiwa kukutana

Hali ya kawaida ni hii. Mtu anasafisha choo, amemwagia dawa ya kung'arisha sinki, ile nzito yenye tindikali ya hidrokloriki. Anasubiri, anasugua, doa halitoki. Anaona dawa imemwangusha, anachukua jiki na kumimina juu yake. Povu linapanda kwa sauti ya kuchemka, harufu inabadilika ghafla kuwa kali ya kuchoma, macho yanatoa machozi, kifua kinabana. Hiyo ni klorini, gesi ileile iliyotumika kama silaha Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kiasi cha chooni ni kidogo, lakini chumba chenyewe kina upana wa mlango na dirisha la kiganja.

Likikutokea, toka. Usirudi kumwaga maji, usirudi kuchukua ndoo. Acha mlango wazi na uwaondoe watu. Klorini ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini. Usiiname na usimwache mtoto atambae karibu. Kifua kikiendelea kubana ukiwa nje, nenda hospitali, hasa mwenye pumu.

Jiki haikutani na vitu hivi: dawa ya choo yenye tindikali, siki, ndimu, maji ya betri, amonia, spiriti. Ile mitandao inayofundisha "jiki na siki kwa weupe wa ajabu" inakufundisha kutengeneza klorini jikoni kwako. Mkojo nao umo kwenye orodha, kwa kuwa una amonia. Ndoo ya nepi, kopo la mgonjwa au choo kilichokaa bila kumwagiwa maji visuuzwe kwanza, ndipo jiki ifuate. Jiki inachanganywa na maji ya baridi peke yake.

Na vipimo? Jiki nyingi za Afrika Mashariki huwa na nguvu ya karibu asilimia 3.5. Kwa sakafu, meza na vitasa, vijiko viwili vya mezani, yaani mililita 30, kwenye lita 1 ya maji vinatosha. Damu au matapishi ya mgonjwa yanataka kali zaidi: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji. Kuzidisha hakusafishi zaidi, kunaunguza mikono na vifua tu. Ya kupima, ambayo hujui nguvu yake, itumie kwa kufulia. Usiitegemee kwa damu.

Hatua ya 4: Wanaotengeneza sabuni nyumbani

Biashara ya sabuni ya maji imeingiza kwenye vyumba vya kulala kemikali ambazo zamani zilikaa viwandani. Sulfoniki asidi ni nzito na ya kahawia, mtoto anaweza kuidhania asali. Kostiki soda ni vipande au punje nyeupe zinazofanana na chumvi au sukari, na huwekwa kwenye kopo lililokuwa la majarini. Fomalini, inayotiwa ili sabuni isiharibike, ina mvuke unaochoma macho na inajulikana kusababisha saratani.

Kanuni ya kwanza: kostiki inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mti. Ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya kostiki, inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni, maana inapoyeyuka hupata moto yenyewe hadi kutoa mvuke. Tindikali nayo inaingia kwenye maji, kwa utaratibu uleule. Tumia ndoo nene ya plastiki. Sufuria ya alumini usiiguse, kwa sababu kostiki huila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Fanyia kazi nje, vaa glovu ndefu na miwani ya kazi. Ya jua ni afadhali kuliko kukosa, ila haizibi pembeni. Ndoo ya maji safi ya kujimwagia iwe pembeni kabla hujafungua kopo.

Kostiki ikikuangukia, usikimbilie ndimu kuipoza. Maji, na mengi.

Hatua ya 5: Hewa usiyoiona

Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, iwe Njombe, Limuru au Bukavu, hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikana na chembechembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi na kubaki mekundu ndiyo yanayodanganya, maana yanaonekana salama. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na zikiwapata watu wote wa chumba kimoja kwa pamoja, usifikirie chakula kibovu kwanza. Watoe nje.

Mtungi wa gesi una harufu iliyotiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Gesi hiyo nayo hukaa chini. Ukiinusa, usiwashe taa wala kuizima, usichomoe chaja. Funga vali, fungua milango, toka. Zimamoto Tanzania ni 114.

Ya tatu haisemwi sana na mimi naiogopa kuliko zote: vidonge vya kuhifadhi nafaka. Ndani yake kuna alumini fosfaidi, ambayo ikigusana na unyevu, hata wa hewa, hutoa fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi hiyo, na fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kuushikilia mwili tu. Magunia ya mahindi yaliyotiwa vidonge kisha yakapangwa chumba wanacholala watu, au chumba cha pili chenye ukuta usiofika juu, yameua familia. Kwa ndugu walioko Ghuba, mkasa ni uleule kwa sura nyingine: jirani wa ghorofa anaweka vidonge vya kuua kunguni kisha anasafiri, gesi inapita kwenye nyufa na mabomba ya hewa hadi upande wa pili.

Vidonge hivyo si vya nyumba ya kuishi. Kwa mahindi au maharage ya kula nyumbani, mifuko ya PICS yenye tabaka 3 huua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote. Bei yake ni kubwa kuliko ya kidonge, lakini mfuko unarudiwa msimu hadi msimu kama haujatoboka.

Hatua ya 6: Panya, mende na nondo

Oktoba 2024 watoto 6 walikufa Naledi, Soweto, baada ya kula vitafunio. Serikali ya Afrika Kusini ilitaja chanzo kuwa terbufosi, kiuatilifu cha mashambani ambacho kilikuwa kikiuzwa mitaani kama sumu ya panya. Nakitaja kisa hicho kwa sababu biashara yenyewe tunaijua: kikaratasi au kichupa kisicho na jina, na mchuuzi anayesifia kwamba panya hafiki hata mlangoni. Sifa hiyo ndiyo ya kuogopa. Sumu za panya zilizokusudiwa nyumbani kwa kawaida huua polepole, kwa siku kadhaa. Inayomwangusha panya papo hapo yaelekea ni kiuatilifu cha shamba.

Anza na mtego na kuziba matundu. Ukilazimika kutumia sumu, nunua iliyofungwa na yenye namba ya usajili: Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya na bodi ya viuatilifu, PCPB. Usiichanganye na dagaa wala mkate ukauacha sakafuni.

Zile tufe nyeupe za kabatini nyingi ni naftalini. Watoto huzidhania pipi, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea kwenye maeneo yenye malaria ukiwemo mwambao wetu, huweza kupasuka chembe nyekundu za damu kwa naftalini. Kichanga aliyevishwa nguo zilizotunzwa humo bila kufuliwa anaweza kupata manjano makali yanayofika kwenye ubongo. Nguo za mtoto anayetarajiwa zitunzwe bila tufe. Zilizokwisha kukaa nazo zifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe.

Hatua ya 7: Mahali pa kuweka

"Weka kwenye kabati lenye kufuli." Sawa, na nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja? Tundika. Ndoo yenye mfuniko wa kubana, ikining'inia kwenye msumari imara juu ya kimo cha mtu mzima, mbali na jiko, inatosha. Sanduku dogo la bati lenye kufuli juu ya kabati ni bora zaidi. Uvunguni na nyuma ya mlango ndiko wanakotambaa watoto, kwa hiyo huko hapana.

Jiki na vyenye tindikali visikae ndoo moja. Vinavyoshika moto vikae peke yake, penye kivuli. Betri zile za kifungo za rimoti na midoli zihesabiwe kama sumu: ikikwama kwenye umio huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2, na mtoto aliyemeza anahitaji eksirei mara moja hata kama halii.

Hatua ya 8: Kutupa

Jiki iliyozeeka ichanganye na maji mengi uimwage kwenye mtaro wa maji machafu, mahali ambapo hapajamwagwa dawa nyingine. Mafuta ya taa, tina na rangi visimwagwe mtaroni wala chooni. Mafuta yenye shaka wape mafundi wanaosafishia vyuma nje, ukiwaambia ukweli kuhusu petroli.

Betri ya gari au ya sola muuzie mnunuzi ikiwa nzima, usiivunje nyumbani ili kupata risasi yake, yaani ile metali nzito yenye sumu iliyo ndani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri hizo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa madhara ya risasi. Hapo aliyeyeyusha betri alikuwa kiwanda. Vumbi la betri iliyovunjwa uani kwako lina risasi ileile.

Chupa ya kiuatilifu isuuzwe mara 3, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia yakatumike shambani, kisha itobolewe ili asije mtu akaichotea maji au maziwa. Usiichome. Lile fungu la tatu la barazani, usilolijua, usilimwage popote: likae limefungwa kwenye ndoo yake hadi ulipeleke kwa afisa afya wa kata, au ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali kama uko Tanzania, na umwambie ulilikuta wapi.